Ng'ombe wa Kabula: Jinsi ya Kuisoma Ndoa Isiyotakwa ya Usukumani

Watunzi wa hadithi za mapenzi za zamani wana fundo moja wasilolichoka: binti anaozwa kwa mtu asiyempenda kwa sababu ndoa hiyo inawafaa wakubwa wake. Analia, anaingia nyumba ya watu na uchungu moyoni, kisha ama anatoroka na kijana aliyempenda tangu mwanzo, ama anagundua polepole kwamba mume aliyemchukia naye ana utu. Msomaji hapewi kazi kubwa. Baba ni mbaya, binti ni mwema, na mali iliyotolewa hutajwa mara moja tu ikaachwa hapo hapo.

Hadithi hizo nyingine ni nzuri sana, nami nazisoma kwa moyo wote. Lakini mtunzi akilipeleka fundo hilo Usukumani bila kulifungua na kulifunga upya, atakuwa ameacha nje sehemu yenye uhai kuliko zote. Usukumani mali ile haiishii mlangoni. Inatembea kwa miguu minne, inazaa, inaugua, inahamia zizi jingine, na huko inakohamia inafunga ndoa nyingine. Anayetaka kuielewa ndoa isiyotakwa ya Bariadi ya zamani hana budi awafuate ng'ombe kwanza, ndipo awafuate wapenzi.

Tuiweke hadithi yetu Dutwa. Leo Dutwa ni kata ya Wilaya ya Bariadi, kwenye barabara inayotoka Lamadi kwenda Bariadi mjini, na watu wa mbali wameisikia zaidi kwa habari za nikeli iliyomo vilimani. Mkoa wa Simiyu wenyewe ni mchanga, umeanza 2012. Hadithi ya kihistoria itataka ramani ya zamani: utemi wa Ntuzu, ndani ya Wilaya ya Maswa, katika Jimbo la Ziwa la enzi ya Mwingereza. Ni nchi ya wazi, yenye miamba na mibuyu, na miji ya watu imetawanyika, kila mji umezungushiwa ua wa minyaa, zizi likiwa mumo humo ndani. Nyumba za kupangana mstari zilikuja baadaye, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Mtunzi asilichukulie jambo hili kuwa pambo la mandhari. Katika nchi ya namna hiyo, kundi la ng'ombe likiondoka mji mmoja asubuhi na kuingia mji mwingine jioni, kila aliyekuwa shambani ameliona na amejua ni la nini.

Mwaka nao uchaguliwe kwa uangalifu. Ukiiweka hadithi mwanzoni mwa miaka ya 1890, utakutana na sotoka, ugonjwa uliopita Afrika Mashariki na kuacha mazizi matupu. Mtunzi anayemwoza binti kwa kundi kubwa la ng'ombe katika mwaka kama huo anaandika jambo ambalo zizi lisingeweza kulilipa. Katika karne hiyo ya 19 mahari ya huku ilihusisha pia majembe ya chuma na mbuzi. Ukiiweka miaka ya 1950, mambo yamegeuka kabisa. Pamba imetanda. Mwaka 1952 wakulima wameunda chama chao cha Jimbo la Ziwa, na 1955 vyama vya ushirika vimeungana katika shirikisho lililojulikana kwa kifupi cha VFCU, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wake wakuu. Fedha ya pamba ilikuwa na njia yake inayoeleweka: inauzwa pamba, ananunuliwa ng'ombe, ng'ombe anaoa.

Mimi ningechagua 1954, kwa sababu hapo ndipo nguvu mbili zinakutana. Upande mmoja upo utaratibu wa zamani ambao kijana anamsubiri dada yake aolewe ndipo yeye apate ng'ombe wa kuolea. Upande wa pili yupo kijana mwenye shamba la pamba, ambaye mvua ikimkubali anaweza kuanza kukusanya ng'ombe wake mwenyewe bila kusubiri mtu. Hadithi ya mapenzi inayochezea kati ya nguvu hizo mbili haihitaji baba katili.

Basi tutunge mfano. Majina nimeyabuni, utaratibu sikuubuni. Kabula ni binti wa mji mmoja wa Dutwa. Kaka yake ni Masanja, umri wa kuoa umefika na umeanza kupita, na amekwisha kumtaja Nyamizi wa Nkololo. Baba yao ana ng'ombe wachache, na wachache hao wengine ni wa watu. Hapo anakuja mshenga kutoka Ngasamo, ametumwa na mgane mmoja mwenye zizi kubwa. Kabula hamtaki. Hana kisa naye, hajawahi kukosewa naye. Ni mtu mzima kupita kiasi, na yeye Kabula ana mtu wake.

Sehemu ambayo hadithi nyingi hupita mbio ndiyo ningeikalia: asubuhi ya kuwatazama ng'ombe. Wazee wa upande wa binti wanafika kwa mkwe mapema, kabla kundi halijatoka kwenda malishoni. Wanasimama ndani ya zizi, samadi mbichi miguuni, kila mmoja na fimbo yake. Hesabu ilikwisha kukubaliwa mbele ya mshenga. Kazi ya leo ni kupatana nani na nani. Mtamba anaelekezewa fimbo. Mzee anainama kumtazama kiwele, anasema chuchu moja imekufa, huyu atanyonyesha nusu. Upande wa mume unasema mama yake alikuwa hivyo hivyo na alizaa kila mwaka. Dume jekundu linakataliwa kwa sababu ya jicho. Maksai mmoja anatolewa badala ya dume, anarudishwa, anatolewa tena. Jua linapanda, ndama wanalia, wachungaji wamechoka kusubiri. Ng'ombe mmoja anaweza kula asubuhi nzima ya wanaume sita wazima, na wala si uchoyo. Kila mmoja pale anajua kwamba yule mtamba hatakaa Dutwa. Wazee wa Nkololo nao watakuja kumwinamia na kumtazama kiwele kile kile.

Ng'ombe wakishafika Dutwa wanagawanyika. Mjomba wa Kabula ana haki yake, baba wadogo wana yao, madeni ya zamani yanalipwa. Wengi wanaobaki wanasubiri safari ya Nkololo. Wafugaji wa Kisukuma wana desturi nyingine inayozidi kulifanya jambo lisirudi nyuma: mtu haweki ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Huwagawa kwa marafiki na ndugu wa mbali wawatunze, anayetunza akinywa maziwa na kutumia samadi, ili ugonjwa au ukame ukipiga mahali pamoja usimalize vyote. Kwa hiyo miezi michache baada ya Kabula kuolewa, mahari yake iko katika mazizi matatu au manne, nyingine kwa watu ambao hawajawahi kumwona uso.

Hapo ndipo fundo la ndoa isiyotakwa linakuwa zito kwa namna yake ya huku. Kabula akisema sikai, anayetikisika kwanza ni Masanja. Mgane wa Ngasamo atadai ng'ombe wake, na kwa desturi ana haki, wakipunguzwa wale wa kufidia watoto kama amezaa. Ng'ombe hao wamekwisha kumwoa Nyamizi. Ili warudi Ngasamo lazima ama watoke Nkololo, na Nyamizi arudi kwao akiwa pengine na mimba, ama baba akope kwa ndugu na aingie deni litakalomfuata hadi kaburini. Nyamizi anajua ameolewa kwa ng'ombe wa nani. Anapomwita Kabula wifi, neno hilo lina uzito ambao wote wawili wanausikia. Ndoa ya manufaa, tukiiita hivyo, iliunganisha watu wanne, na wale wawili waliofaidi penzi si wale wawili walioumia.

Nalisisitiza kwa sababu linageuza kabisa swali la hadithi. Katika riwaya za mapenzi tulizozizoea, binti anauliza: je, nitii baba au nifuate moyo? Kabula anauliza jambo gumu zaidi: je, penzi langu lina thamani kuliko la kaka yangu? Masanja hakumlazimisha mtu. Anampenda Nyamizi kwa dhati, na pengine anampenda dada yake kuliko watu wote wa mji ule. Hadithi yenye adui rahisi hapa haiandikiki.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda kinyume Ulaya, ambako mtindo huu wa riwaya umetokea. Katika Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyotoka 1813, Charlotte Lucas ana miaka 27, hana mali, na anamkubali Mchungaji Collins kwa sababu anataka nyumba na usalama. Huko mali ilikuwa inaandamana na mwanamke kwenda kwa mume. Binti mwenye fedha alitafutwa, asiye nazo aliogopa kuzeeka kwao, na kwa sheria ya Uingereza hadi 1882 mali ya mke iliingia karibu yote mikononi mwa mumewe. Binti alikuwa mzigo mpaka apatiwe fungu la kuondokea. Dutwa mshale unaelekea upande wa pili: mali inatoka kwa mume kuja kwa kina binti, na binti ni tumaini la kaka zake. Mtunzi anayechukua mhusika wa Kiingereza, maskini na asiyetakiwa, akamvika kaniki na kumpa jina la Kisukuma, ameandika kinyume cha ukweli. Kabula anatakiwa mno, na kutakiwa huko ndiko kunakombana.

Sasa mpenzi. Usukumani vijana hawakukosa pa kuonana. Baada ya mavuno, kuanzia Juni hivi, zilikuja ngoma, na Wasukuma walikuwa na mashindano ya vyama vyao vikubwa, Bagika na Bagalu, vyenye asili ya karne ya 19, kila chama na mtunzi wake, dawa zake na mashabiki wake. Watu walitembea mwendo mrefu kwenda kuona upande upi utavuta umati. Jioni ya ngoma ni mahali pa haki pa kumkutanisha Kabula na kijana wa pamba, na ipo sababu ya kiutunzi ya kufanya hivyo: ni mahali ambapo uzuri wa mtu, ulimi wake na wepesi wa mwili wake vinahesabiwa, wakati kwenye zizi vinahesabiwa vitu vingine.

Kisha ipo chagulaga, ambayo Watanzania wengi wameisikia na wengi wameicheka bila kuifikiri. Vijana wanamzingira binti njiani, mara nyingi jioni akitoka ngomani au mnadani, wanamtaka ataje mmoja wao. Wapo wanaoitetea kwamba inampa msichana nafasi ya kuchagua mwenyewe, na kwa kiasi wanasema kweli: hakuna mzee pale, hakuna ng'ombe, anatazama nyuso na kutaja. Lakini hawezi kutaja asiyekuwepo, na hawezi kusema hakuna. Uhuru wake unaishia kwenye duara la wale waliosimama. Ningeiweka chagulaga katika hadithi hii kabla ya mshenga kufika, ili msomaji aone kwamba Kabula amebanwa mara mbili, mara ya kwanza na vijana wa rika lake, mara ya pili na wazee, na mara zote mbili ameambiwa kwamba amechagua.

Akishaposwa asikotaka, milango mitatu iko mbele yake, na kila mmoja una kanuni zake.

Wa kwanza ni kutoroshwa. Jambo hili lilikuwa la kawaida kiasi kwamba desturi ilikwisha kulipangia bei. Kijana anaondoka na binti usiku, baadaye wazee wake wanakwenda kwa wazee wa binti, wanalipa faini ya kosa, na mazungumzo ya mahari yanaanza upya. Katika hadithi nyingi kutoroka ndio mwisho wa utaratibu. Hapa kunaufungua utaratibu kwa mlango wa nyuma. Kijana wa pamba asipokuwa na ng'ombe wa kutosha, watoto atakaozaa na Kabula watahesabiwa wa kwao Kabula, atawalea baba yake, na siku moja huenda kijana huyo akalipa ili kuwapata wanawe mwenyewe. Masanja naye atakaa miaka mingine bila mke. Mapenzi yameshinda, gharama amebeba mwingine.

Mlango wa pili ni kuolewa kisha kurudi kwao, na huu ndio wenye hazina kwa mwandishi. Mke aliyerudi kwa baba yake hajavunja ndoa; amefungua shauri. Mume lazima aje, akae chini, aeleze, asikilize, atozwe. Na baba, ambaye katika riwaya za kawaida kazi yake ilikwisha siku ya harusi, hapa ndiye hakimu na mshtakiwa kwa pamoja. Akimkatalia binti yake, amemwacha kwenye mateso. Akimpokea moja kwa moja, anadaiwa ng'ombe ambao hawapo zizini kwake. Hakuna ukurasa ninaoutamani kuusoma kuliko ule ambao baba huyo amekaa nje usiku, binti yake amelala ndani, na kesho asubuhi mkwe anafika.

Tunaye mwandishi aliyekwisha kutuonyesha ukurasa huo unavyoweza kuandikwa, ng'ambo tu ya Ghuba ya Speke. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa 1980 na Tanzania Publishing House. Yeye akafariki 1981. Katika riwaya hiyo, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ni watu wanaopendana, lakini hawajapata mtoto. Baba wa Bugonoka anaposikia jinsi binti yake anavyosimangwa ukweni, anakuja kumchukua. Myombekere analazimika kwenda kumwomba, anatozwa pombe ya ndizi, anahangaika kuitafuta na kuipika kwa msaada wa jirani na jamaa, na msomaji anaiona kazi hiyo hatua kwa hatua. Wakerewe si Wasukuma, ndizi za kisiwani si mtama wa Ntuzu, na pale wawili wanapendana tangu mwanzo. Hata hivyo Kitereza alilijua jambo ambalo watunzi wengi wa mapenzi hawalijui: taratibu za ukwe si ukuta unaozuia hadithi, ndizo hadithi. Kila mtungi wa pombe ile ni sentensi ambayo Myombekere hawezi kuisema kwa mdomo. Na baba wa binti, katika kitabu hicho, ni mlinzi wake.

Kitabu cha pili kinachofaa kuwekwa mezani ni Vuta n'kuvute cha Shafi Adam Shafi, cha 1999, ambacho Amil Shivji alikifanya filamu iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021. Yasmin wa Unguja ya miaka ya 1950, binti mdogo wa Kihindi, anaozwa kwa Raza, mtu mzima kwake sana. Anakimbia. Ndugu wanamfungia mlango, anapokelewa na Mwajuma, anampenda Denge, na penzi lake linaingia ndani ya harakati za kumwondoa mkoloni. Ni riwaya ya nguvu, na kwa mambo mengi ni mfano bora tulio nao wa ndoa isiyotakwa ya kihistoria kwa Kiswahili. Lakini angalia kinachoiwezesha. Ni mji. Yupo Mwajuma mwenye chumba chake, mitaa ambayo mtu anaweza kupotelea, watu wa kila asili. Yasmin analipia uhuru wake kwa kuwapoteza jamaa zake, na mji unampa jamaa wengine. Dutwa ya 1954 haina chumba cha Mwajuma. Mwanamke aliyeondoka kwa mume anakwenda kwa baba, kwa kaka, au kwa mwanamume mwingine, na mahali pote hapo ng'ombe wamekwisha kutangulia kufika. Nani ataandika kwamba Kabula alipanda lori la pamba hadi Mwanza akaanza maisha? Inawezekana, wapo waliofanya hivyo. Ila ajue kwamba anaandika jambo zito, na aionyeshe Dutwa aliyoiacha nyuma ikiwa na deni.

Mlango wa tatu ni kukaa. Hapa ndipo wasomaji wa riwaya za mapenzi wanapotaka kupelekwa, kwenye penzi linalochipua polepole ndani ya ndoa ya kulazimishwa, na hapa ndipo ninapoomba uangalifu mkubwa zaidi. Lipo, sikatai. Mgane wa Ngasamo si lazima awe dubwana. Anaweza kuwa mtu aliyezika mke, anayejua nyumba bila mwanamke ilivyo, na ambaye mwaka wa njaa anampelekea mkwe wake magunia ya mtama bila kuombwa. Kabula anaweza kumwona siku moja anavyomwosha ndama aliyezaliwa vibaya, akamtazama upya. Kuna heshima inayokua kwa kulima pamoja, kwa kukaa wawili jioni wakimenya viazi vya kukausha matobolwa, kwa kuuguza mtoto usiku. Lakini mtunzi asilitumie penzi hilo kuisafisha asubuhi ile ya zizini. Kwamba mtu alijifunza kupenda alipowekwa hakumaanishi aliulizwa.

Nayasema haya kwa sababu Bariadi ya leo haiko mbali na suala hili. Takwimu za kitaifa za 2010, wakati Bariadi, Maswa na Meatu bado zikiwa Mkoa wa Shinyanga, zilionyesha kwamba mkoa huo uliongoza nchi: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufika 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa na maneno mazuri. Kifungu cha 16 kinataka hiari ya kila mmoja wa wanandoa, iliyotolewa bila kushurutishwa, na kifungu cha 41 kinasema ndoa haiwi batili kwa sababu tu desturi ya mahari haikutimizwa. Sheria hiyo hiyo, katika vifungu vya 13 na 17, ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo mahakamani. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016 na kuipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha, Serikali ikakata rufani, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo.

Ukiisoma sheria hiyo kwa macho ya mtu aliyewafuata ng'ombe, utaona kinachoipa shida vijijini. Sheria inawaona watu wawili. Inamuuliza binti kama ametaka, naye anajibu ndiyo, huku Masanja amesimama nje akisubiri jibu. Hiari ya namna hiyo haipimwi kwa swali moja mbele ya karani. Anayetaka kuwalinda mabinti wa Simiyu lazima afikirie pia kaka zao wataoa kwa mali gani, na hapo pamba, bei yake, na elimu ya wasichana vinaingia kwenye suala la mapenzi moja kwa moja. Kijana anayeweza kuoa kwa jasho lake amemwondolea dada yake mzigo ambao hotuba haziwezi kuuondoa.

Kurudi kwenye utunzi: mtu atapata wapi habari za ndoa hizi za zamani? Pa kuanzia panajulikana. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni na aliyeishi Mwanza, alichapisha kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953, na kazi yake iliingia katika tamko la sheria za mila la 1963. Nyaraka zake zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zina mambo mengi: nani anapata ng'ombe yupi, faini ya kutorosha, nini kinarudishwa mke akiondoka. Ni hazina, na mtunzi azisome zote. Ila azisome akijua zilitoka kwa nani. Cory aliwauliza watemi na wazee, wanaume wenye mazizi, nao wakamweleza kanuni kama zinavyoonekana kutoka ndani ya zizi. Kabula hayumo. Nyamizi hayumo. Hakuna ukurasa unaoeleza ilikuwaje kukaa ukweni ukijua kwamba ukiondoka unambomolea kaka yako nyumba, au kuwa mke uliyeletwa kwa ng'ombe wa machozi ya wifi yako na kumkaribisha mtoni.

Habari hizo zimo vichwani mwa wanawake walioolewa Ntuzu kabla ya Uhuru, na binti aliyeolewa 1954 akiwa na miaka 16 leo amepita 85. Kama bibi wa namna hiyo yupo kwenu, Dutwa, Nkololo, Ngasamo au popote alipohamia na wanawe, kaa naye wiki hii. Usianze kwa kumuuliza kama alimpenda babu. Atacheka na kukujibu la kukuridhisha. Muulize ng'ombe wake walikuwa wangapi, wa rangi gani, na walimwolea nani. Kisha mwache aseme, na uandike.